Rambirambi za Kinyozi Aliye Hai

Mpendwa mshauri,

Kwanza pole na kazi, maana kukaa kila wiki ukisikiliza watu wazima wakilia gazetini si mchezo, na mimi ukurasa wako huwa nausoma nikiwa chooni, usinielewe vibaya, kwetu huko ndiko kwenye utulivu, na nakiri nimeshacheka sana shida za wenzangu, yule bwana aliyegombana na mkwewe kwa ajili ya jogoo nilimcheka mpaka mke wangu akaja kugonga mlango akidhani nimeanguka, kumbe hujafa hujaumbika, leo ni zamu yangu nami naleta yangu, wacheke wengine.

Mimi ni fundi bomba mstaafu. Shule niliiacha mapema, au shule ndiyo iliyoniacha mimi, hatujawahi kukubaliana nani alianza kuondoka, kwa hiyo ukikuta sentensi inatiririka bila kukatika ujue hapo sikuiona koki.

Nina mke. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na duka alilokuwa akishonea lilipofungwa alirudi nyumbani na gunia la mabaki, lesi, utepe, vifungo, bitana, nyuzi za kila rangi na ule mkasi wa meno unaokata kitambaa kikabaki na ukingo kama msumeno, nikadhani atashona mito, tena nikafurahi kwa sababu mto wangu ulikuwa umekonda, kumbe mwenzangu alikuwa ameshaota ndoto nyingine. Akaanza kutengeneza kadi. Si kadi zile za dukani zenye waridi jekundu na maneno ya mtu asiyekujua wala asiyetaka kukujua, hapana, kadi za mkono, kila moja ya mtu mmoja, na nikikwambia uzuri wake utasema mzee anamsifia mkewe ili apikiwe, lakini sikiliza kwanza.

Jirani alipojifungua mke wangu alimtengenezea kadi yenye dirisha la kadibodi, na kwenye dirisha pazia la kweli, dogo kama ukucha wa kidole gumba, lenye mikunjo yake yote, limening'inia kwenye uzi, ukilivuta pembeni unalikuta jina la mtoto. Mwalimu aliyestaafu alipata ubao mweusi uliokatwa kwenye boksi la viatu na kusuguliwa chaki halisi, kiasi kwamba ukiushika kidole kinatoka cheupe, na mwalimu alipokiona kidole chake kimekuwa cheupe alikaa chini kwenye ngazi za nyumba yake. Binti wa nyumba ya kona, aliyefeli mtihani wa udereva mara nyingi mpaka askari wa mtihani akawa anamwita dada, alipofaulu alipata kadi yenye usukani wa kifungo cha koti, na usukani unazunguka. Unazunguka, mshauri. Mimi nimefunga mabomba maisha yangu yote na sijui kifungo kile amekifungaje.

Tena ana albamu kubwa ya mtaa mzima, majalada yake ameyakata kwenye boksi la friji na kurasa amezishona kwa uzi wa mapazia. Kila nyumba ina ukurasa wake, na hauna picha tu, hata picha si nyingi. Kuna tiketi ya basi iliyomrudisha mtoto wa mtu nyumbani, kuna ganda la rangi lililobanduliwa mlangoni, kuna utepe wa nywele wa msichana ambaye sasa ni bibi. Kwenye ukurasa wetu amebandika mpira wa koki, mweusi, umechakaa, nikamuuliza huu uchafu wa nini, akasema ni wa ile koki ya kwa baba yake niliyokwenda kuitengeneza siku tuliyoonana, nikiwa kijana mwenye shingo. Aliuokota akauweka miaka yote hiyo bila kuniambia. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwita Waziri wa Takataka, nikampa hongera kwa kazi, nikatoka nje, kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha na sikutaka ayaone.

Kwenye kadi kazi tumegawana, yeye mikono, mimi mdomo. Yeye maneno hayampendi, anasema akiandika yanatoka kama risiti ya pazia, urefu, upana, basi. Kwa hiyo mimi huzunguka meza nikibwabwaja na yeye hukata karatasi akisikiliza, na kila baada ya muda anasema neno moja tu, "Punguza." Nikipunguza anasema punguza tena, mpaka hotuba yangu inaenea kwenye nafasi kama sanduku la kiberiti, na hapo ndipo inakuwa nzuri, simkubalii lakini najua.

Sasa nije kwa kinyozi. Huyu ni rafiki yangu tangu sote wawili tulipokuwa na nywele za kumtisha kinyozi. Amekishika kichwa changu mara nyingi kuliko mama yangu. Ni mwizi kwenye drafti, ukiangalia pembeni kete yako imehama, na mwongo wa kutupwa, na mkono wake ni mwepesi kiasi kwamba unaweza kulala akikunyoa na ukaota. Basi akaumwa tumbo, akapasuliwa, na baada ya kupasuliwa akawa hajui aliko. Mkewe, yaani shemeji yangu, alikuja kwetu kutoka hospitali, akakaa kwenye kiti bila kuvua mtandio, akasema daktari amewaambia wajiandae. Hakulia. Aliuliza kama tuna maji ya kunywa.

Mke wangu alipomsindikiza na kurudi aliketi mezani akaanza kadi mbili. Ya kwanza ya kumtakia apone, na ya pili ya rambirambi.

Usishtuke, nikueleze. Kadi ya mke wangu haitoki kwa haraka. Ua linabanwa kwenye kitabu kizito mpaka likauke, gundi inangojewa, tabaka juu ya tabaka, na yeye husema kadi ya haraka inanuka haraka yake. Zamani kidogo mume wa jirani mmoja alifariki, na kadi ya mke wangu ilifika wageni wakiwa wameshaondoka na viti vya kukodi vimesharudishwa, yule mjane akaipokea mlangoni akasema, "Nilidhani na wewe umenisahau." Neno hilo lilimwingia mke wangu kama mwiba. Akasema kwenye furaha atachelewa, furaha ina subira, lakini kwenye msiba hatachelewa tena.

Mimi nilikataa kutoa maneno. Nikamwambia huwezi kumlilia mtu ambaye bado anapumua, ni kama kumpima mtu jeneza akiwa kitandani. Akaniangalia juu ya miwani yake. "Mlilie sasa," akasema. "Akishakufa utamsifia uongo kama wengine."

Basi nikatoka uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikakaa sana, nikarudi ndani nikasema maneno niliyokuwa nayo, nikizunguka meza, na mshauri, siku hiyo kwa mara ya kwanza hakusema punguza. Aliandika yote.

Ya kupona aliipamba kwa kiti cha kinyozi chenye kioo cha karatasi ya fedha ya chokoleti, na kipande cha kitana cha kweli. Ya msiba aliitengenezea taulo jeupe la bitana, limekunjwa vizuri, kama lile ambalo kinyozi hulikunja akimaliza kazi, na pembeni ua moja kavu. Kila moja akaitia kwenye bahasha yake. Bahasha zake hazina maandishi juu, anasema kuandika juu ya bahasha nzuri ni kumpaka mtu masizi usoni, yeye huzishona mdomo kwa uzi, ya heri uzi wa buluu, ya msiba uzi wa kijivu, na mtaa wote unajua.

Mimi pia najua. Tatizo si kujua. Tatizo ni kwamba daktari wa macho alinipa miwani na mimi huitembeza mfukoni mwa shati kwa heshima, kwa sababu mtu akivaa miwani wajukuu wanaanza kumshika mkono kuvuka barabara. Asubuhi moja shemeji alituma habari kwamba mgonjwa amefungua macho, amekaa, ameomba chai. Mke wangu alikuwa anafua, akaniambia kwa sauti kutoka uani nichukue yenye uzi wa buluu. Nikachukua yenye uzi wa buluu. Ningeapa ni wa buluu.

Nikafika wodini kifua mbele, nikamkuta kweli amekaa, amekonda, masikio yamekuwa makubwa, anakunywa chai kwa kijiko. Nikamtania kwamba nimekuja kudai kete zangu. Akacheka kidogo akishika tumbo. Nikampa bahasha, na kwa kuwa naye hakuwa na miwani yake akamwomba nesi amsomee, na nesi yule alikuwa na sauti ya mtangazaji wa mpira, wagonjwa wote wakageuza shingo.

Nesi akaanza kusoma: "Shemeji yetu, tumelia pamoja na wewe. Mumeo alikuwa…" Akaniangalia. Mimi nilihisi sakafu ya hospitali imefunguka nikabaki nimening'inia kwa masharubu.

Kinyozi akaweka kijiko chini. "Soma, binti," akasema. "Malizia."

Akamalizia. Nakuandikia kama yalivyokuwa, nayajua kwa moyo ingawa sitaki: "Mumeo alikuwa mwizi wa kete na mkweli wa moyo. Kichwa cha tajiri na kichwa cha mlevi alivishika kwa upole mmoja. Nilipofukuzwa kazi alininyoa akanyamaza, na siku hiyo kunyamaza kwake ndiko kulikonirudisha nyumbani. Nilimtukana kila siku kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumwambia. Sasa nani atanishika kichwa?"

Bwana mmoja wa kitanda cha pili, mwenye mguu kwenye plasta, ambaye hakuwa amefuata habari tangu mwanzo, akanipa mkono akasema poleni sana na msiba. Kinyozi akaikunja kadi, akaitia chini ya shuka, akageukia ukutani, akaniambia nenda nyumbani.

Basi. Tangu hapo mambo yameharibika. Ameshatoka hospitali, ameshafungua duka, ananyoa wachache akiwa amekaa kwenye stuli. Nilipokwenda kiti kilikuwa kitupu kabisa, nikataka kukaa, akaniambia kiti kina mtu. Nikamuuliza nani. Akasema, "Marehemu." Wateja wakaangaliana. Nikarudi na nywele zangu, na sasa mshauri kichwa changu kimekuwa brashi ya kusugulia vyungu, mjukuu wangu mdogo ananikwepa.

Lakini nywele si kitu, zingekuwa nywele nisingekuandikia. Ni mke wangu. Mtaa umepata la kusema. Wanasema anatengeneza misiba ya watu kabla haijafika, kwamba anakata karatasi na roho inakatika huko iliko. Wengine wanasema kwa utani, wanapita dirishani wakiuliza mama, yangu umeshaimaliza? Mwingine ambaye mama yake anaumwa alimwona anakuja akavuka upande wa pili. Mke wangu alikusanya mkasi, nyuzi, gundi, karatasi, akavitia vyote kwenye lile gunia alilorudi nalo kutoka dukani, akalifunga mdomo. Aliniambia mikono iliyomzika mtu aliye hai haifai kumshonea pazia mtoto mchanga.

Miaka yote hii tulikuwa tunakula sahani zikiwa mapajani kwa sababu meza ilikuwa ya karatasi, na mimi nilikuwa nalalamika kila siku, nasema nyumba gani hii mtu anamwagia mchuzi suruali ilhali meza ipo. Sasa tunakula mezani. Meza imefutwa, imetandikwa, sahani zimetulia, na sijawahi kuona chakula kigumu kumeza kama hicho. Hakasiriki, heri angekasirika. Anakaa na mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Watu wanadhani yeye ndiye aliyeituma ile kadi. Mimi nilitaka kusema ni mimi na macho yangu, yeye akakataa, akasema watamcheka kwa kuolewa na kipofu mbishi, basi nikanyamaza, na nisiseme uongo, nilinyamaza kwa wepesi uliozidi kidogo.

Anachotaka yeye ni kimoja tu, kadi irudi aichome moto, anasema ikishakuwa majivu huenda atalala. Nilikwenda kumwomba kinyozi, akasema zawadi hairudishwi. Mkewe naye, shemeji, bila haya, juzi alikuja kwetu kuomba gundi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, mke wangu akafungua gunia akampa bila kuuliza neno, nikashangaa, mnatutenga halafu mnakuja kukopa gundi.

Sasa bahati imejileta. Koki ya jikoni kwao inavuja na shemeji ameniita nikaitengeneze, atakuwepo yeye peke yake, na chumba cha kulala kiko hatua chache kutoka jikoni. Mimi nikishafunga maji mtu hawezi kujua niko wapi, fundi bomba ana ruhusa ya kuinama popote. Naweza kuitafuta ile kadi, niitie kwenye boksi la spana, nimletee mke wangu aichome, arudi mezani kwake. Naomba msaada wako, na usinizungushe. Niibe au nisiibe?

Ni mimi,
Mzee Brashi


JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusalimia kwanza kwa heshima zote ili nipate nafasi ya kukukaripia.

Usiibe. Tena umeniuliza kana kwamba hili ni swali. Nenda kwa shemeji yako ukaitengeneze koki kama koki, mlango wa chumba cha watu uupite ukiangalia mbele, na boksi la spana litoke na spana.

Jibu lako umeliandika mwenyewe kwenye barua, ukalipita, kama mtu anayetafuta miwani aliyoitia mfukoni. Hebu niambie, nyumba ya kinyozi ina sabuni, ina wembe, ina poda. Gundi wanabandikia nini? Kadi ikifunguliwa na kufungwa, ikafunguliwa na kufungwa, ua kavu hubanduka. Shemeji yako hakuja kukopa, alikuja kuwaambia kitu, na mkeo alimpa bila kuuliza kwa sababu hakuthubutu kuamini. Wewe ukaona ukosefu wa haya. Na kinyozi aliyekuchukia hakwambii kiti kina marehemu, anakwambia toka. Huyo bado anakutania, mzee, ila anakutania akiwa na donda, na donda hilo halikutokana na kisu cha daktari peke yake.

Fikiria aliko yeye. Ameamka, ameomba chai, hajui kitu, halafu anasomewa mbele ya watu kwamba ninyi nyote mlikuwa mmeshamkatia tamaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Daktari alimwambia mkewe, mkewe akawaambia ninyi, na habari za kifo chake zilimfikia mwenyewe mwisho, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Hapo ndipo pa kumwomba radhi. Maneno ya kadi usiyaombee radhi hata moja. Ukiyaombea radhi utakuwa umeyafuta, na nadhani hicho ndicho unachotaka kwa siri, kuiiba kadi ili ukutane naye barabarani kama zamani, mtukanane, usiwepo ushahidi kwamba unampenda. Mnaweza kuibiana kete maisha yote bila aibu, lakini mkikutwa mnapendana mnakimbiana kama mmevunja duka.

Sasa fanya hivi. Vaa miwani. Nimesema vaa, si kutembeza. Nenda dukani kwa kinyozi saa ambayo pamejaa, si saa ya kujificha, ukaseme mbele ya hao hao wanaouliza dirishani kama kadi zao zimeshaisha, kwamba mkeo alikwambia uzi wa buluu, na wewe kwa ubishi wako ukabeba wa kijivu. Watakucheka. Wakucheke. Mkeo amechekwa kwa niaba yako kwa siku za kutosha, na hilo, mzee, ndilo lililonikera kuliko yote kwenye barua yako, ule wepesi wako wa kunyamaza. Alikukataza kusema kwa sababu anakulinda. Mtu akikulinda hivyo hukai nyuma yake ukapumzika.

Ukishasema, ukae kwenye kile kiti. Akikuambia kina mtu, mwambie mtabanana. Halafu unyamaze umwachie kichwa.

Ile ya uzi wa buluu bado iko kwenu, haikumfikia mwenyewe. Usiipeleke wewe. Aipeleke mama, kwa mkono wake, aingie nayo mlangoni kwao mchana kweupe, na wewe ubaki barabarani. Naamini ataiona ile nyingine huko ndani, na hatataka tena kuichoma.

Mama, kama unasoma, na najua unasoma, maana mwenzio gazeti hulisahau chooni, wewe hukumzika mtu. Ulichelewa msiba mmoja ukashindwa kuvumilia kuchelewa wa pili, na moyo wa namna hiyo mtaa wenu haustahili kuutania. Endelea kutengeneza za huzuni mapema kama unavyotaka. Ila uziweke kwenye droo yenye kufuli, mbali na wanaume wanaoona aibu kuvaa miwani.

Nirudi kwako, mzee. Pazia la ukubwa wa ukucha, chaki inayobaki kidoleni, usukani unaozunguka, hayo yote umeniambia mimi, mtu usiyemjua, na nimeyasoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Yeye ulimwita Waziri wa Takataka. Alikuwekea mpira wa koki tangu ukiwa na shingo na wewe ukatoka nje. Leo usitoke nje. Usimtafutie maneno mapya, huyawezi, utaharibu. Ikate barua yako kwenye gazeti hili, au bora umpe aikate yeye, ana mkasi wa meno. Mtu wa kukata karatasi humrudishi mezani kwa pole, unamrudisha kwa karatasi.

Na akisema gunia limeshafungwa na hana wa kumtengenezea, mwambie yupo. Mimi naagiza. Nataka kadi ya baba yangu, mzima wa afya, ambaye tumenuniana kwa jambo la kipuuzi na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Iandikeni vile mlivyomwandikia kinyozi, kana kwamba hakuna kesho ya kusahihisha, ila ifungeni kwa uzi wa buluu. Wewe useme, na mama akikwambia punguza, punguza. Baba yangu ni fundi saa, ana masikio makubwa, na hajawahi kuniambia nimefanya vizuri. Anzeni na masikio.